Umetuma maombi ya kazi na simu iko kimya? Anza na anwani ya barua pepe

Hapa Lamu ni wachache wanaojulikana kwa jina la kitambulisho. Nahodha ana lakabu, muuza samaki ana lakabu, hata mwalimu wa chuoni ana lakabu ambayo wanafunzi wake wanadhani haijui. Nenda jeti umuulizie mtu kwa majina yake matatu, utaambiwa "huyo hatumjui", na mwenyewe amekaa hapo hapo anakunywa kahawa. Basi siku mtoto wa Amu, yaani Lamu, alipofungua barua pepe yake ya kwanza, akiwa kidato cha pili, apate kuingia Facebook, aliandika lakabu. Miaka saba baadaye ana diploma, na lakabu ile ile imekaa kwenye CV chini ya jina lake.

Mimi kazi yangu ni kuchapa na kutuma maombi hayo, katika saiba moja ya Langoni. Swali ninaloulizwa zaidi ni "Mbona hawanijibu?" Pengine kazi ilikuwa moja na walioomba ni mamia, na hilo sina dawa yake. Lakini kuna nyakati kosa liko kwenye mstari ule mmoja wenye alama ya @. Anwani ya kutafutia kazi hutumiwa na mtu asiyekujua kabisa: anaisoma kwenye karatasi, anaichapa, kisha anailinganisha na kitambulisho chako. Matatizo yote ninayoyaeleza hapa hutokea pale mtu huyo anapokwama.

Dalili: maombi ni mengi, hata jibu la kukataliwa hakuna

Usiilaumu anwani kabla ya kuipima. Matangazo mengi ya kazi Kenya huandika wazi kwamba watakaojulishwa ni walioteuliwa tu, kwa hiyo kimya peke yake hakithibitishi kitu. Kipimo ni hiki: chapisha CV yako, mpe mtu asiyeijua anwani yako, mwambie aisome kwenye karatasi na aiandike kwa mkono wake kwenye simu, kisha akutumie neno moja. Asinakili kutoka kwenye faili. Ujumbe ukifika, anwani ni nzima, hamia kwenye barua taka. Usipofika, chanzo kiko kati ya hivi.

Cha kwanza, na ndicho kinachonichosha, ni kistari cha chini. Outlook na Yahoo hukuruhusu kuweka kistari hicho katikati ya majina. Ukiandika anwani kama hiyo kwenye Word, programu huigeuza kuwa kiungo, ikaipaka rangi ya buluu na kuipigia mstari chini. Mstari ule hukimeza kistari chako. Anayesoma karatasi haoni kistari, anaona nafasi tupu, basi anaunganisha majina au anatia nukta. Ujumbe wake unarudi, na wewe hutajua kamwe, kwa sababu taarifa ya kurudishwa humwendea aliyetuma. Mtu mwenye rundo la maombi mezani hatakutafuta kwa simu akuulize ulimaanisha nini. Dawa ya leo: bonyeza anwani kwa kitufe cha kulia cha mausi, ondoa kiungo, mstari utatoweka. Dawa ya kudumu: acha anwani zenye kistari cha chini. Gmail yenyewe haikiruhusu.

Cha pili ni herufi zinazofanana. Herufi l ndogo, I kubwa na tarakimu 1 ni ndugu watatu wa tumbo moja kwenye karatasi iliyochapwa kwa wino hafifu. Vivyo hivyo O na 0. Majina yetu nayo yana irabu mbili mbili: Shee, Saada, Mwanaamina. Mtu wa bara akiiona "mwanaamina" huenda akadhani umekosea, akapunguza a moja kwa nia njema. Huwezi kubadili jina ulilopewa na wazazi, lakini unaweza kuweka nukta mahali pa kumsaidia, au kuanza na jina lingine lisilo na mtego.

Cha tatu ni upande wa pili wa @. Nimeona "gmai.com", nimeona "gmail.co", na nimemwona mtu aliyefungua Yahoo zamani ikiishia na co.uk, kisha kwenye CV akaandika com tu kwa sababu ndivyo wengine wanavyoandika.

Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue, Gmail haitofautishi. Nukta nayo ina siri yake: kwenye Gmail nukta zilizo kabla ya @ hazihesabiwi, kwa hiyo "mwanaidi.shee" na "mwanaidishee" ni sanduku moja. Anayesahau nukta bado atakufikia. Kwa watoa huduma wengine usitegemee hivyo, nukta moja inaweza kumpeleka mwenzio kwa mtu mwingine.

Ikiwa anwani imepita kipimo na bado hupati kitu, angalia mambo mawili. Fungua folda ya barua taka. Kwenye Gmail kinachokaa humo hufutwa baada ya siku 30, kwa hiyo mwaliko wa mahojiano uliokuja mwezi juzi hutaukuta. Kisha angalia nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na hizo zinagawanywa kati ya barua, faili na picha. Simu ikipandisha picha yenyewe, video za arusi tatu za binamu zako zinatosha kulijaza sanduku. Likijaa, barua mpya hazipokelewi, humrudia aliyetuma. Dada mmoja alinijia baada ya miezi ya kimya. Tulifuta video za kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, peke yake, na siku ya pili barua zikaanza kuingia.

Dalili: ukiitaja kwa simu, mtu wa upande wa pili anacheka, au anauliza mara tatu

Hapa chanzo ni maneno yenyewe. Lakabu, sifa za urembo, jina la klabu ya Uingereza, jina la mpenzi mliyeachana naye. Mwajiri hakuchukii kwa hayo, ila anapata picha ya mtu ambaye bado yuko kidato cha pili. Kuna maneno mengine yalikuwa hayana neno yakaharibika njiani. "Hustler" lilikuwa la kujisifia bidii tu, lakini baada ya kampeni za uchaguzi wa 2022 hakuna Mkenya anayelisoma bila kufikiria siasa. Anayekuajiri anaweza kuwa wa upande huu au ule, na hakuna sababu ya kumlazimisha akufikirie kwa upande.

Jipime kwa sauti. Kaa barazani, mtajie anwani yako rafiki aliye upande wa pili wa kichochoro, mara moja tu, bila kutaja herufi moja moja. Aiandike. Akikosa, tatizo ni la anwani, usimlaumu masikio. Punda akipita katikati, rudia; hilo halihesabiwi.

Anwani nzuri kwa kipimo hiki ni ile ambayo mtu akishasikia majina yako mawili ameshaijua nusu.

Dalili: umeandika jina lako halisi, unaambiwa limeshachukuliwa

Hili ndilo gumu zaidi kwetu na ningependa tulikalie kidogo. Sisi hatuna majina ya ukoo mengi kama wenzetu. Mtu huitwa jina lake, la babake, la babuye, na majina yenyewe ni yale yale: Mohamed, Ahmed, Omar, Ali, Swaleh, Athman, Fatma, Aisha, Khadija. Ukiunganisha mawili, ujue kuanzia Kizingitini hadi Vanga yuko mwenye jina hilo hilo, kisha ongeza Zanzibar, Oman na dunia nzima ya Kiislamu. Gmail ilianza mwaka 2004. Waliowahi wamewahi.

Kosa linalofanywa hapo ni kukubali pendekezo la kompyuta, ambalo hukutilia tarakimu nne zisizo na maana mkiani. Wengine hutia mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo unamwambia mwajiri umri wako kabla hajasoma ulichosomea, na hakuhitaji kuujua kutoka hapo. Wengine hutia 254, ambayo ni simu za Kenya nzima na haikutofautishi na yeyote. Nimeona vijana wakitia 005, nambari ya kaunti yetu, na wa Malindi wakitia 003 ya Kilifi. Napenda moyo wa kupenda kwao, lakini mtu wa Nairobi haoni Lamu pale, anaona sifuri mbili za kumkosesha.

Panda ngazi badala ya kuongeza nambari. Tuseme msichana anaitwa Mwanaidi Shee Athman. Ajaribu kwanza jina lake na la babu: mwanaidi.athman. Halikupatikana, atie herufi ya baba katikati: mwanaidi.s.athman. Bado, aandike yote matatu. Bado, ageuze: athman.mwanaidi. Bado, afupishe la kwanza: m.shee.athman. Kumbuka kwamba kwenye Gmail kuondoa nukta au kuihamisha hakukupi jina jipya. Jina liwe na herufi zisizopungua 6 wala kuzidi 30, na nukta mbili zisifuatane.

Kuna njia moja ambayo wenzetu wa bara hawana: bin na binti. "Mwanaidi.binti.shee" ni jina kamili, lina heshima, na uwezekano wa kuwa limechukuliwa ni mdogo. Nimewafungulia kadhaa hivyo. Ila andika "binti" yenye i mwishoni, usiandike "bint", kwa sababu ukiitaja kwa simu kila mtu ataandika binti tu.

Kutia kazi yako kwenye anwani, kama "mwanaidi.nesi", si jambo ninalolipenda sana. Leo wewe ni mpokeaji wageni hotelini Shela, kesho unaomba uhasibu katika kaunti, na anwani inakutangaza kwa kazi ya jana.

Njia nyingine ni kuhama mtoa huduma. Jina lililojaa Gmail linaweza kuwa wazi Outlook au Proton, na sijaona mtu akinyimwa kazi kwa sababu hiyo. Kuna na wanaoniuliza habari ya kununua jina lao wenyewe la mtandaoni linaloishia na .ke. Linawezekana, na linapendeza, lakini hulipiwa kila mwaka; ukisahau kulipa, barua zako zinakatika pamoja nalo. Kwa mtu anayetafuta kazi ya kwanza nasema pesa hiyo inunue bando.

Dalili: umeitwa, lakini wanauliza kama wewe ni mtu yule yule

Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha KCSE, yaani cha kidato cha nne, kinasema Mohammed, barua pepe inasema Muhammad. Aisha, Asha na Esha. Fatma na Fatuma. Swaleh na Saleh. Kwetu ni jina moja kwa midomo tofauti, lakini karani anayepanga faili anaona watu watatu. Fuata tahajia ya kitambulisho kwenye anwani na kwenye CV, usirudi nyuma. Cheti kikiwa na tahajia nyingine, hilo ni la wakili na hati ya kiapo, saiba haiwezi kulitatua.

Ndugu wa tatizo hili ni jina la mtumaji, lile linaloonekana juu ya ujumbe kabla anwani haijaonekana. Watu husahau kwamba hilo ni kitu kingine kabisa. Unaweza kuwa na anwani safi kama maji ya jabia, na mwajiri akapokea barua kutoka kwa "Mama Salma", kwa sababu simu ilikuwa ya dadako alipoifungua. Kwenye Gmail hubadilishwa kwa kompyuta: ingia mipangilio, sehemu ya akaunti, kisha hariri jina la mtumaji. Dakika mbili. Ukiwa hapo tazama na picha yako ya wasifu. Ile ya Idi yenye miwani ya jua ibaki WhatsApp.

Dalili: anwani ni nzuri, ila huwezi kuingia

Nianze kwa kukiri. Miaka ya nyuma, mteja akija hana barua pepe, nilimfungulia kwa dakika tano: nenosiri nilichagua mimi, nambari ya simu ya uthibitisho niliweka ya kwangu kwa sababu yake ilikuwa haina chaji, na kila kitu nikakiandika kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ilifuliwa ndani ya shati. Nami nilibadilisha laini. Msichana mmoja alikuja tukahangaika siku nzima, tulipofanikiwa kuingia tukakuta mwaliko wa mahojiano ambayo yalishapita wiki tatu. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo leo kwangu hakuna anayefungua akaunti bila simu yake mkononi. Kama yako ilifunguliwa hivyo na sasa umefungiwa nje, anza kwa kutumia simu au kompyuta uliyowahi kuingilia, na uwe mahali ulipozoea kuitumia. Google yenyewe inashauri hivyo, kwa sababu mfumo hukuamini zaidi kwenye kifaa unachokijua. Ukikaa Mokowe kwa shangazi na simu ya kuazima ukajaribu mara ishirini, unajiharibia. Kama nambari ya uthibitisho ni yako na laini imepotea, irudishe kwa kitambulisho mapema. Laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine, na yeye ndiye atakayepokea tarakimu zako.

Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Kampuni ilianza kufanya hivyo Desemba 2023. Anwani ya Gmail iliyofutwa haipewi mtu tena, hata mwenyewe. Hapo usipoteze nauli, fungua mpya.

Ukiwa ndani, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili, kisha toa zile nambari za akiba za kuingilia simu ikikosekana. Google hukupa kumi, kila moja ya tarakimu nane, na kila moja hutumika mara moja. Ziandike kwenye daftari na uliweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Na saibani, yangu au ya mwingine, toka kwenye akaunti kabla hujainuka, na usikubali kompyuta ihifadhi nenosiri.

Dalili: barua yako ya maombi imejulikana mjini kabla hujaitwa

Umetumia anwani isiyo yako. Pengine ya kaka, ambaye husoma kila kitu. Pengine ya hoteli unayofanyia kazi, na umeomba kazi hoteli ya jirani. Sanduku la ofisi ni mali ya ofisi, mwenye nalo anaweza kulifungua, na katika mji ambao habari hutoka Mkomani ikafika Langoni kabla ya swala ya alasiri, hukuhitaji kumsaidia. Anwani ya chuo kikuu nayo ni ya kuazima, inaweza kufungwa baada ya kuhitimu.

Dalili: umebadilisha anwani, sasa huduma nyingine zimekukataa

Hii huwapata walioharakisha. Ulifungua mpya ukaifunga ya zamani, ukasahau kwamba ya zamani ndiyo iliyosajiliwa iTax ya KRA (kodi), eCitizen (huduma za serikali), HELB (mikopo ya masomo), na kwa walimu TSC (tume yao ya ajira). Siku unataka cheti cha maadili mema, kiungo cha kubadilisha nenosiri kinakwenda kwenye sanduku uliloliua.

Usiifunge. Ingia kwenye ile ya zamani kwa kompyuta, maana programu ya simu haina sehemu hiyo, na uiambie ipeleke kila barua kwenye mpya. Gmail itatuma tarakimu za kuthibitisha kwenye sanduku jipya, ziweke. Kisha badilisha kwenye huduma moja baada ya nyingine, kila moja uhakikishe ujumbe wake umefika upande mpya. CV iwe ya mwisho. Kwa yale maombi yaliyokwishatumwa, usiwaandikie wote kuwaeleza. Barua zao zitakufuata zenyewe kupitia ya zamani. Jibu kwa anwani mpya, na chini ya jina lako weka nambari ya simu ile ile waliyonayo.

Dalili: sasa majibu yanakuja, lakini yanaomba pesa

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, neno "bandari" kwenye kichwa cha barua humfanya kijana afungue kabla ya kutazama nani ametuma. Tazama kilicho baada ya @. Ofisi za serikali ya Kenya zina anwani zinazoishia na .go.ke. Hoteli ndogo au duka linaweza kweli kutumia Gmail ya kawaida, hilo lisikutie shaka peke yake. Wapigie au nenda mwenyewe. Lakini wizara au kaunti inayokuandikia kutoka sanduku la bure, kisha ikataka "ada ya mahojiano" kwa M-Pesa, hiyo usiijibu. Iweke alama ya barua taka, na kama ulishatuma nakala ya kitambulisho, njoo mapema tubadilishe nenosiri pamoja. Ijumaa nafunga saa tano na nusu.